Nguo za Mtoto wa Rula

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie mguu sasa unakanyaga chini. Gongo moja nimelirudisha hospitali, na hili lililobaki nalitumia zaidi kufukuza kuku wa jirani. Wanao, Mkubwa na Kisauti, nawasalimu. Kisauti bado anaongea mpaka usingizini? Mke wangu anakusalimu sana, wifi yake. Anasema ile nguo uliyomshonea kabla ya msiba imembana, na anaapa kwamba imenywea yenyewe kwenye beseni.

Ulisema nisikupigie simu kwa sasa, kwa sababu ukisikia sauti yangu unangoja ya pili ije nyuma yake, jinsi mimi na shemeji tulivyozoea kukupigia tukiwa pamoja na kunyang'anyana simu. Nimekuelewa. Ndiyo maana naandika, na mwandiko wangu uuvumilie.

Ghorofani sipandi tena. Nimepata kibarua kwenye yadi ya matofali. Nakaa kwenye kigoda, nakagua matofali yakitoka kwenye mashine, na lenye ufa naliweka kando. Tangu lile jengo lituangukie, ufa nauona hata mahali ambapo haupo. Juzi nimemtoa mke wangu chumbani nikimwonyesha ukuta, kumbe ni utando wa buibui.

Sasa dada, kuna jambo nataka baraka yako. Kule chini ya kifusi nilisikia watu juu yangu wakichimba. Hawakuwa na mashine wakati ule. Walichimba kwa mikono, na hawakunijua mimi ni nani wala nadaiwa nini na nani. Nikamwambia Mungu, ukinitoa hapa, sitakula peke yangu tena. Nimetoka. Basi kila Jumapili mimi na mke wangu tunapika sufuria moja kubwa, wali na maharage, tunapeleka kwenye wodi niliyolazwa. Wapo wagonjwa pale ambao hawana mtu wa kuwaletea hata maji. Nikiwa nimelala nao niliwaona wakigeukia ukutani saa za kuona wagonjwa, wajifanye wamelala. Hao ndio nawapelekea. Sijui njia nyingine ya kumshukuru.

Niambie kama nafanya vyema. Wewe ndiye mkubwa wetu.

Mdogo wako

29 Machi

Kibonge wangu,

Marahaba. Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua, na ameanza kumgombeza mtangazaji wa redio kana kwamba yumo sebuleni. Mkubwa amefaulu mtihani. Kisauti ameng'oka jino na amelificha mahali, hataki kusema wapi. Mwambie wifi yangu alete hiyo nguo, nitaachia mishono ya ubavuni, na nguo haikunywea.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye mashine. Nilipofika pale ulipoandika unamshukuru Mungu, mguu ukabaki kwenye kikanyagio, mashine ikaendelea kushona mpaka ikanimalizia kitambaa cha watu. Gauni la mteja limeharibika kwa ajili yako.

Sikulaumu kwa kupona. Nataka ujue hivyo kwanza. Ulipotolewa nililia kwa furaha, kisha walipomtoa mume wangu nililia tena, na majirani hawakujua wanipe pole au hongera. Lakini unaponiomba baraka ya kushukuru, unaniomba nini? Mlikuwa ghorofa moja. Mlikuwa chumba kimoja, wewe unapiga plasta na yeye anafunga bomba. Mungu alinyoosha mkono akamchukua mmoja akamwacha mwingine, na mimi niseme asante?

Peleka chakula chako. Wenye njaa wale. Ila baraka usiniombe.

Na nina swali. Uliniambia pale msibani kwamba hakuteseka. Ulijuaje? Ulimsikia? Aliongea? Nijibu hilo.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Pole kwa gauni la watu. Mke wangu anasema nguo italetwa, na kuhusu kunywea hajabadili msimamo. Hapa kwetu tu wazima. Mvua imenyesha mpaka tope la yadi limeingia kwenye masikio, na tajiri wetu amenunua mashine mpya inayofyatua matofali mawili kwa mara moja, yote mawili mabovu.

Sufuria inaendelea. Mwanzoni mke wangu alinuna. Alisema, "Mungu amekuponya mguu, mimi amenipa kazi ya kuosha sufuria." Jumapili iliyofuata akaja nami wodini kuhakikisha simwagi chakula njiani. Kuna mzee mmoja pale, mkono wake haufanyi kazi, alikuwa anatazama sahani bila kuigusa. Mke wangu akakaa kitandani kwake akamlisha kijiko kwa kijiko, huku akimsimulia ugomvi wake na wewe kuhusu ile nguo. Mzee akasema wewe ndiye mwenye haki. Tangu siku hiyo sijamsikia akilalamikia sufuria, ila yeye amemfuta mzee kwenye orodha ya marafiki, halafu anamwekea wali mwingi kuliko wote.

Wiki iliyopita nesi wa wodi ya wazazi akanishika mkono kwenye ujia. Akaniuliza, "Chakula kimebaki?" Nikamwambia kipo. Akanipeleka kwa mwanamke mmoja aliyejifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa peke yake karibu na mlango wa choo. Wenzake walikuwa wamempa mgongo. Nesi akaninong'oneza, "Usimuulize habari zake. Mpe tu ale." Mtoto alikuwa amefungwa kwenye blauzi ya mama yake. Hana hata kipande cha nguo. Mwanamke alikula bila kuinua macho, akamaliza, akafuta sahani kwa kidole, akasema, "Mungu akulipe." Nikaichukua sahani, dada. Mwenye deni la kulipa nilikuwa mimi.

Nitampelekea tena. Salimia wote.

Mdogo wako

11 Mei

Kibonge,

Sote hatujambo. Mama anakusalimu.

Swali langu umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Nimeliona, na ninalingoja.

Huyo mama aliyefunga mtoto kwenye blauzi amenikaa kichwani. Nina vipande vya kitambaa laini vilivyobaki kwenye kazi za watu. Nimeshona vigauni vinne vya usiku, kofia, na vile vya kufunga kiunoni. Mishono nimeigeuzia nje ili isimkwaruze mtoto. Kisauti ametia vifungo, ndiyo maana kimoja kiko juu chini. Nimempa kondakta wa basi kifurushi, nenda kituoni ukachukue.

Usifikiri hii ni shukrani. Nilikuwa sina usingizi na nina vitambaa.

Dada yako

2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sote wazima. Nikuombe kitu kimoja: kama umesimama, kaa. Kama Mama yuko karibu, usimsomee kwa sauti.

Kifurushi kilifika. Nikakipeleka wodini siku ileile, na yule mama akavipokea, akavigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, kisha akamvalisha mwanawe palepale. Kilimkaa kama ulimpima. Nesi akaja kuona. Hata mmoja wa wale waliompa mgongo aligeuka.

Akaruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuna aliyekuja kumchukua, na kidonda cha upasuaji kilichomweka wodini wiki zote zile kilikuwa hakijamwacha atembee sawasawa, basi nikamwambia mimi na gongo langu tutamsindikiza.  Tukaingia kwenye uchochoro ulio nyuma ya soko, ule wenye mashine ya kusaga. Muuza duka wa pale kwenye kona alipotuona akafunga dirisha lake, mchana kweupe. Nikadhani amekwenda kula.

Chumba chake kina mlango uliopakwa rangi nusu. Dirisha halina kioo, wamebandika boksi. Ndani walikuwapo watoto wawili wa kike, wamekaa juu ya kitanda wameshikana, hawakukimbilia kumpokea mama yao mpaka alipofunga mlango. Nikatua mfuko wa chakula mezani. Nikainua macho.

Ukutani palikuwa na picha ya harusi. Bwana harusi amevaa suti, na nyuma ya sikio lake ameweka rula.

Dada, ni Rula. Msimamizi wetu, aliyefia mle mle jengoni. Yule aliyeuza saruji na kutujazia mchanga, ambaye watu wa uchunguzi wamemtaja mbele ya mji mzima. Alikuwa hatoki bila ile rula sikioni, kumbe hata siku ya kuoa. Sikuwahi kumjua mkewe. Nilimlisha wiki kadhaa na sikumjua.

Nilishika ukuta.  Mwanamke akaniangalia, akaitazama picha, akanitazama mimi na gongo langu. Akasema polepole, "Wewe ulikuwamo."

Nikasema, "Nilikuwamo."

Akauchukua ule mfuko wa chakula pale mezani akanirudishia mkononi. Hakuwa na hasira. Aliurudisha kama mtu aliyepokea mzigo wa jirani kwa makosa. "Sikujua, kaka," akasema. "Ningejua nisingekula."

Nikatoka nje nikiwa nao. Nikasimama kwenye uchochoro. Niliwaza nyumba zote zenye msiba, na ya kwako kwanza. Kisha yule binti mdogo wa Rula akaanza kulia mle ndani, kilio cha njaa, unakijua wewe una watoto. Nikarudi nikaweka mfuko mlangoni nikaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata nilikaa yadini mpaka jua likageuka, najiambia siendi. Halafu nikaenda. Nilimwahidi Mungu sitakula peke yangu, na katika ahadi ile sikuchagua nitakula na nani. Natamani ningechagua.

Nguo zako ziko mwilini mwa mtoto wa Rula. Nimeona ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Mdogo wako

15 Juni

Nimeisoma barua yako mara moja tu, sitaisoma tena.

Watoto wangu wanavaa sare zenye viraka, na mimi ni fundi cherehani. Mume wangu yuko chini. Usiku nilioshona zile nguo nilikuwa nimelala upande wangu wa kitanda, nikaona heri niamke nimfanyie mtu wema, labda moyo utapoa. Nikamfanyia nani? Nikamvika nani?

Nirudishie nguo zangu. Zote. Vua, funga, lete.

Na sufuria yako, mshukuru nayo Mungu wako unavyotaka.

8 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumai Mama na watoto hawajambo. Hapa hatujambo.

Nguo zako zimo kwenye kifurushi hiki. Sijawahi kukukatalia kitu tangu tukiwa watoto, na kukukatalia nisingeanza na hili. Nilikwenda, nikasimama mlangoni. Mke wa Rula akaniuliza, "Ni nguo, siyo?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Nilijua siku ile ulipoitazama picha. Aliyezishona atakuwa amefiwa." Akamvua mtoto hapo hapo, akamfunga kwenye blauzi. Akaniomba ningoje. Akazifua, akazianika juani, akazikunja, na mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kama mdai. Akasema nikufikishie maneno haya: mkono wako ni mzuri, mtoto hakupata hata alama moja ya mshono. 

Nimetimiza ulichotaka. Sasa nitajibu swali lako, kwa sababu nimechoka kuliruka.

Shemeji alikuwa hai. Kwa muda, alikuwa hai. Palikuwa giza na vumbi mpaka ulimi ulikuwa mzito, na nikasikia sauti yake upande wa kulia kwangu. "Shemeji, upo?" Nikasema nipo. Akasema, "Basi tusikae kimya kama wageni." Tukazungumza. Aliniuliza kama naona vidole vyangu. Akanichekesha, dada. Katika mahali pale alinichekesha. Alisema, "Ukitoka kabla yangu, usimwambie dada yako kwamba kofia ngumu niliivua. Mwambie niliivaa. Nitaivaa sasa hivi." Sikukwambia kwa sababu aliniomba nisikwambie, na kwa sababu nilifikiri ungemlaumu kwa ile kofia badala ya kumlilia.

Alikutaja. Aliwataja watoto mmoja mmoja. Kisha akaniambia nisali kwa sauti, yeye pumzi hana. Nikasali. Akasema amina. Baada ya hapo niliendelea kuongea peke yangu, nikidhani amelala. Kwa hiyo niliposema hakuteseka, sikujua. Nilitaka iwe hivyo.

Na kuna jingine, ambalo nilikuficha kwa makusudi.

Asubuhi ile nilikuwa dirishani napiga plasta, naona barabara. Rula alikuwa nje. Alikuwa amevuka ng'ambo kwa muuza chai, kikombe mkononi, salama salimini. Nguzo ilipolia mara ya kwanza sisi ndani tulifikiri ni lori linamwaga kokoto. Yeye aliinua kichwa. Nikamwona akitupa kikombe. Dada, hakukimbilia mbali. Alikimbilia ndani. Nilimsikia kwenye ngazi akipiga kelele, "Tokeni, tokeni nyote," na kwa sababu shemeji alikuwa ameinama, anakata bomba kwa msumeno wa umeme na hasikii, akawa anamwita yeye. "Fundi bomba! Fundi bomba, acha hiyo!" Alikuwa amefika mlango wa chumba chetu. Nilimwona uso. Halafu hapakuwa na sakafu.

Simsafishi. Saruji aliuza. Angekuwa mtu mwaminifu, ngazi ile asingekuwa na haja ya kuipanda. Nilinyamaza kwa sababu nilikuona msibani huna pa kushikilia isipokuwa hasira yako kwake, nikaona nikikuondolea na hiyo utaanguka. Labda nilikosea hesabu.

Mdogo wako

30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Tangu nilipotuma kifurushi sijapata neno lako. Nimemuuliza kondakta, anaapa alikukabidhi mkononi. Mke wangu ana wasiwasi, amesema nguo unaweza kuisema imenywea au haikunywea, yeye anakubali lolote, uandike tu.

Nina habari mbaya. Jumapili nilikwenda na chakula kwa mke wa Rula nikakuta mlango uko wazi, chumba kitupu. Picha ya harusi iko chini uchochoroni, imekanyagwa. Sufuria zimetupwa kwenye mtaro. Muuza duka alifungua dirisha lake safari hii, akaniambia mwenye nyumba aliwatoa nje, na watu wakaja kushangilia, na baadhi yao walikuwa wajane wenzako wa lile jengo. Nikamuuliza, "Wamekwenda wapi?" Akasema hajui. Kuna mwanamke mgeni alifika kukawa na maneno, wakaondoka. Nimezunguka kituo cha polisi, hospitali, mpaka chini ya daraja wanakolala watu waliokimbia mafuriko. Hakuna aliyewaona. Mtoto yule hajaanza hata kukaa.

Niliwapikia Jumapili hadi Jumapili nikidhani natimiza ahadi, na kumbe siku waliyonihitaji nilikuwa kwenye kigoda nahesabu matofali. Sufuria ile nilirudi nayo nyumbani, na hakuna aliyeila.

Niandikie, dada. Hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako

19 Septemba

Kibonge wangu,

Marahaba. Sote ni wazima, na tumeongezeka. Kaa na wewe, kama ulivyonikalisha mimi.

Mwanamke mgeni ni mimi.

Barua yako ya kofia niliisoma chooni, ndipo mahali pekee katika nyumba hii unapoweza kufunga mlango. Nilipofika kwenye kofia nilicheka. Mama akagonga akiuliza nina nini. Nilicheka kwa sababu ndio ugomvi tulioachana nao asubuhi anasafiri, vaa kofia yako, na yeye akanijibu kichwa chake ni kigumu kuliko kofia. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie tangu afe. Kisha nikafika kwenye ngazi, na kicheko kikakatika.

Wiki kadhaa sikuweza kukuandikia. Nilikuwa nakata kitambaa nasikia mtu akipanda ngazi. Nikawaza: huyu mtu nimemchukia kwa nguvu zangu zote, na sauti ya mwisho duniani kumwita mume wangu atoke ilikuwa yake. Chuki yangu haikuondoka, usinielewe vibaya. Ilikosa pa kukaa tu. Basi nikapanda basi. Nikamwambia Mama nakwenda kununua vitambaa. Kwako sikupita kwa sababu wewe ungenipokea na wali, na mimi nilitaka kwenda nikiwa na hasira yangu kamili, nimtazame usoni yule mwanamke, niseme ninachosema, nirudi.

Niliuliza mashine ya kusaga, nikafika. Nikakuta vitu viko nje. Godoro, beseni, sufuria, watoto wamekaa juu ya godoro wamefunika masikio. Yeye amesimama na mtoto begani, watu wanamtukana. Wafiwa wenzangu wakanitambua. Yule mwenye kilemba cha njano, aliyenishika mkono pale mochwari siku tunasubiri, akanikumbatia akaniambia, "Umefika wakati mzuri, mwenzetu. Njoo uone Mungu anavyolipa." Akanivuta mpaka mbele. Watu wakanipisha, mke wa fundi bomba huyo, mpisheni. Wakanyamaza kunisikiliza.

Nilikuwa na maneno, Kibonge. Niliyapanga njia nzima. Nikafungua mdomo, na yule mwanamke akanitazama, akamtoa mtoto begani akamshusha kifuani kama anayemkinga na jiwe. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye blauzi. Nilimvua mimi. Hawa watu walimtupia vyombo nje, lakini nguo mwilini nilimvua mimi, nikiwa nimekaa mbali kwenye kiti changu.

Sijui nilichofanya nikiite nini. Niliinama nikashika kona ya godoro. Nikamwambia, "Shika huko." Hakunielewa. Nikamwambia tena, "Shika huko, mama, basi linaondoka." Mwenye kilemba cha njano akauliza, "Unafanya nini wewe?" Nikainua kona yangu. Akanitemea mate miguuni. Simlaumu, amezika watoto wawili wa kiume. Tulibeba lile godoro kupita katikati yao, mabinti wanashika nguo yangu nyuma, na hakuna aliyetugusa. Nadhani nao walikuwa wameduwaa kama nilivyoduwaa mimi. Mpaka kituoni miguu ilikuwa yangu ila sijui nani alikuwa anaitembeza.

 Basi lilipofika njia panda akasema, "Dada, mimi ni mke wa Rula," kama vile labda nimechanganya mtu. Nikamwambia najua, na mimi ni mke wa fundi bomba. Akalia mpaka tulipofika. Mimi nilimshika mtoto.

Wako hapa, wamelala chumba cha mashine. Sikukuandikia upesi kwa sababu kila asubuhi nilikuwa naamka nikidhani leo nitawafukuza. Kuna siku nusura. Alipika kwenye sufuria aliyoipenda marehemu na nikatoka nje nikazunguka nyumba mara nyingi kuliko ninavyoweza kukueleza. Nikarudi nikala. Kumbe anajua kudarizi, anapiga maua kwenye kola mpaka wateja wameanza kumuulizia. Mama alimkalia kimya kwa siku kadhaa, akimsemea redio badala yake. Kisha usiku mtoto alipata homa, asubuhi nikamkuta Mama amemlaza mapajani anamgombeza kwamba halali. Ndipo nikajua amekwisha kumchukua.

Wewe ulimshukuru Mungu kwa sababu alikutoa. Mimi nimekaa muda mrefu nikiona sina cha kumshukuru, wa kwangu amemchukua. Bado sijapata maneno yake. Lakini juzi jioni nilipanga sahani mkekani, nikaona zimejaa mkeka wote, nikasikia nimesema asante. Nilishtuka mwenyewe. Nikageuka kuona kama kuna mtu amesikia.

Mkubwa ndiye niliyemwogopa. Amekuwa mtu mzima kabla ya wakati, na jina la Rula analijua. Aliwatazama wale watoto siku nyingi bila kuuliza, halafu jana akaniuliza akiwa ananisaidia kukunja vitambaa, "Mama, hawa ni watoto wa nani?"

Nikamwambia, "Ni watoto wa yule mtu aliyerudi ndani kumwita baba yenu."

Alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akatoka akaenda kuwachotea maji ya kuoga.

Njooni Jumapili yoyote, wewe na wifi. Na sasa unaweza kupiga simu.

Dada yako